Matumbawe ya Baba Yamejikunja

Jemutai na Kibii,

Naenda hospitalini kumleta baba yenu nyumbani. Chai iko kwa chupa.

Matumbawe yake yamejikunja yote. Ni mimi. Asubuhi niliona maji ya tangi lao la kioo yamepungua, nikaongeza ya mfereji bila kukumbuka yana dawa ya kuua viini. Wiki mbili za kulala kwa kiti hospitalini zimenimaliza.

Jemutai, toa ndoo moja, urudishe maji ya chumvi ya ile dramu ya bluu, polepole. Kibii, usiyaguse.

~~Baba akiuliza, semeni stima ilipotea.~~ Hapana. Nitamwambia mwenyewe kwa gari.

Jana, kabla hata aniulize kama nimekula, aliuliza kama yamechanua. Iliniuma. Lakini akifika nataka ayakute yamechanua.

Mama