Chupa za Hori la Mkwiro

Mkwiro, 20 Mei 1965

Kwa shemeji yangu Suleiman,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na mkeo na watoto. Huku hatujambo, ila uchovu haujatoka mwilini. Eda yangu ya miezi minne na siku kumi imekwisha juzi Jumanne. Nimetoka nje nikaliona jua kama mtu aliyeugua muda mrefu.

Nakuandikia kwa sababu ya zile chupa za maji ya bahari. Tangu tumzike mume wangu, kaka yako Boga, siku ya sita ya Ramadhani, jirani yetu Kadzo ndiye aliyekuwa akizichota. Kila Ijumaa alikuwa akipita mlangoni na kusema, "Mbeyu, nimekwenda, nimerudi." Kisha anazipeleka Shimoni zipande basi mpaka kituoni kwenu Mombasa kupimwa. Mungu amlipe. Lakini Kadzo ana mguu mbovu, na ana chaza wake wa kushughulikia.

Naomba unisemee kwa mkubwa wako nizishike mimi. Njia ya hori naijua, mkono wote ule wa bahari, na ule mti ambao Boga aliuchomeka matopeni ili achote mahali pamoja bado umesimama. Vizibo nitavifunga kwa ukili wa mkindu kama alivyokuwa akifunga yeye, mizunguko mitatu na fundo. Kazi zake nyingine zimeshachukuliwa na wanaume. Hii nisipoishika, sitakuwa na chochote alichokuwa akikifanya.

Wasalimu watoto.

Shemeji yako,
Mbeyu

Mombasa, 2 Julai 1965

Shemeji yangu Mbeyu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na afya, mke wangu anakusalimu, na mtoto mdogo ameanza kutembea. Nimechelewa kukujibu. Chupa umeziona zikija, kwa hiyo ulijua umekubaliwa. Nilichokuwa nangojea ni jambo jingine, nilitaka nilione mara ya pili na ya tatu.

Huenda kaka hakuwahi kukueleza tunazifanyia nini. Chupa ikifika naiingiza katika chumba cha giza na kuitikisa. Maji mazima huwaka, nuru ya kibuluu kama ile inayoonekana kasia likipiga maji kukiwa na giza. Kinachowaka ni viumbe vidogo mno, jicho haliwezi kuviona kimoja kimoja. Maji yakiingia uchafu, hivyo hufa kwanza, kabla ya samaki. Kwa hiyo tukitaka kujua hali ya bahari tunaviuliza vyenyewe.

Mwaka wa kwanza wa kaka, chupa za hori lenu ziliwaka. Mwaka jana karibu wote hazikuwaka. Yule Mzungu aliyekuwa hapa aliandika kwamba ni mafuta ya meli zinazooshea matangi yao nje ya mwamba. Kaka akafariki, akashika Kadzo, nazo zikawaka tena, miezi minne mizima. Umeshika wewe, na tangu hapo sijaona hata moja ikiwaka.

Mzungu amekwenda kwao, na ofisi sasa ni ya Bwana Mangi. Si mtu mbaya. Ni mgeni katika kiti na anataka asikosee. Anasema Kadzo alikuwa akichota nje kwenye maji mazuri ili wanawake wasizuiwe chaza wao, na kwamba wewe mjane ndiye mkweli. Mwisho wa Agosti ataandikia wilaya hori lifungwe. Hakuna chaza, hakuna kome, hakuna pweza, kwa muda usiojulikana. Nilimwambia wanawake wa Mkwiro hawana shamba jingine. Akaniuliza, "Suleiman, ukila sumu utashiba?"

Muulize Kadzo, lakini kwa upole. Nawe nieleze unachota wapi na unazishika vipi, tangu zinapofika mpaka zinapoondoka.

Mdogo wako na shemejio,
Suleiman

Mkwiro, 12 Julai 1965

Kwa shemeji yangu Suleiman,

Marahaba, na salamu nyingi. Nimefurahi kusikia mtoto anatembea. Mimi ni mzima, ila usingizi umekuwa mchache.

Nilikwenda kwa Kadzo. Nilimkuta amekaa juu ya kibao, anapasua chaza, na sikujua nianzie wapi. Nikaanza na hali ya mguu wake. Akasema, "Mguu haujambo. Sema kilichokuleta." Nikasema. Aliendelea kupasua, moja, mbili, tatu, kisha akaweka kisu chini.

"Kwa hiyo mimi ni mwizi wa maji? Bahari yote hii, niibe chupa nne?"

Nikamwambia si mimi niliyesema.

"Hukusema wewe, umelibeba tu. Mwambie huyo bwana wao aje, nimpe mguu huu, apige nao makasia mpaka nje ya mwamba alfajiri, halafu arudi kuniita mwizi."

Namwamini, Suleiman. Alinipeleka mpaka kwenye mti wa Boga akanionyesha alama alizokuwa akizikata kwa kisu kila Ijumaa aliyochota, kwa sababu hajui kuandika. Nilizihesabu. Hakukosa wiki hata moja. Sasa hatusemezani vizuri. Anaitikia salamu yangu, lakini haingii ndani.

Uliniuliza nazishika vipi. Sidhani mtu anaweza kuzitunza zaidi. Zikifika kutoka kwenu zina harufu ya dawa. Alhamisi jioni nazisugua kwa mchanga, nazisuuza kwa maji ya kisima, nazianika. Kisha nazipindua moja moja juu ya chetezo nizifukize ubani mpaka zijae moshi, kama tunavyofanya mtungi mgeni akija. Alfajiri ya Ijumaa naingia horini, nachota penye mti, nafunga. Sina njia nyingine ya kuongeza.

Kama ni maji yenyewe yamekufa, basi yamekufa. Lakini Kadzo si mwongo.

Shemeji yako,
Mbeyu

Mombasa, 30 Julai 1965

Shemeji Mbeyu,

Shikamoo, na samahani kwa barua isiyo na habari za nyumbani. Sote tuko salama.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Kisha nikachukua maji yaliyotoka Kibuyuni, mazima, yanayowaka vizuri, nikayagawa katika chupa mbili. Moja ilikuwa kama inavyotoka kituoni. Ya pili mke wangu aliifukiza ubani nyumbani. Kesho yake nikazitikisa. Ya kwanza iliwaka. Ya ubani ilikuwa giza. Nimerudia mara tatu, mara tatu ni hivyo hivyo. Moshi huacha mafuta yake kwenye kioo, na viumbe hivi haviyawezi.

Mwenye eda hafukizi wala hajitii manukato, na chupa za miezi ile hazikupita mkononi mwako. Basi Kadzo alichota pale pale, na maji yalikuwa mazima.

Bwana Mangi bado sijamwambia, kwa sababu kuna jambo moja nisilolijua na ni wewe tu unayelijua. Ulianza lini kuzifukiza?

Nisikilize kabla hujajibu. Ripoti ya mwaka jana imesimama juu ya chupa za kaka. Ukurasa wa mwisho una majina ya waliofanya kazi, na lake limo. Boga wa Mkwiro. Katika majina yote yale, ni yeye pekee aliyekuwa akienda kazini bila viatu. Nimelitazama jina lile mara nyingi tangu afe.

Ukiniambia ulianza baada ya eda, nitaandika hivyo, na mwaka wa kaka utabaki. Ila hapo itabidi iaminike kuwa hori lilikuwa bovu mwaka jana, likapona siku ile ile aliyoshika Kadzo. Bwana Mangi hataamini. Atasema Kadzo alidanganya, na hori litafungwa. Ukiniambia ulianza kabla, hori litabaki wazi na Kadzo atasafishika, lakini mwaka mzima wa kaka utatupwa, pamoja na jina.

Sikulazimishi upande wowote. Nimechoka, shemeji. Jibu nilipate kabla ya tarehe ishirini.

Suleiman

Mkwiro, 9 Agosti 1965

Kwa shemeji yangu Suleiman,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilianza mwaka jana, baada ya Idi. Zilipoletwa zile chupa mpya nilizinusa nikasema maji ya Mwenyezi Mungu hayatiwi katika harufu ile. Boga hakujua. Alhamisi jioni alikuwa msikitini kwenye uradi, na akirudi nyumba nzima inanukia ubani, hawezi kujua umepita wapi. Sikumficha. Ni jambo la jikoni tu, nani amwambie mume jambo la jikoni. Basi mwaka ule wote ulioandikwa ni mkono wangu, si bahari na si yeye.

Andika hivyo hivyo. Nilitaka kukuandikia lile jingine. Kalamu niliishika kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Lakini kila asubuhi nawaona wanawake wanashuka horini na vikapu, na Kadzo nyuma yao na mguu wake.

Yeye nilimwambia kwanza, kabla yako. Akasema, "Wewe ukiwafukizia ubani wadudu, sisi tunaambiwa tunakula sumu." Akacheka puani kidogo. Kisha akasema, "Ingia ndani, Mbeyu, jua kali." Nikaingia.

Mwambie Bwana Mangi lami tunayoikanyaga ufukweni ipo, sikuifukiza mimi. Meli zile hatuziondolei lawama. Lipimeni hori upya kwa chupa zisizoguswa, na azichote Kadzo.

Sasa nikwambie lisilo la ofisi. Mwaka jana, baada ya majibu yenu kuanza kuja, Boga alikuwa akikaa barazani anasugua macho. Akaniambia, "Mbeyu, macho yangu yamezeeka. Kwenye kasia naona maji yanawaka. Nikiyatia kwenye chupa, Mombasa wanasema hayawaki." Nikamwambia wale wana vyombo. Akasema ni kweli, wana vyombo. Tangu hapo hakula chaza, na unajua alivyokuwa akiwapenda, wa kuchoma kwa ndimu. Nilikuwa nikimpikia kunde. Alikuwa akila hizo mpaka Ramadhani ile ikamkuta.

Macho yake hayakuwa na kitu, Suleiman. Alikuwa anaona sawasawa. Nimemnyima chaza mwaka wake wa mwisho, na nimemfanya asiyaamini macho yake mwenyewe, kwa ubani.

Jina lake wakilifuta, walifute, kwa sababu namba zile si sahihi. Wewe ujue tu kwamba aliona. Uwaambie watoto wako hivyo watakapokua, kwamba baba yao mkubwa alikuwa na macho mazuri.

Na ukimwombea kaka yako baada ya sala, unikumbuke na mimi.

Shemeji yako,
Mbeyu