Tunda Lililoanguka Kwenye Kiti Changu

Jumapili asubuhi. Mawingu mazito, hakuna upepo.

Ziwa halionekani leo. Wadudu wa ziwani wamepanda tangu alfajiri, wamesimama juu ya maji kama moshi wa tanuri la matofali, na wengine wameshaingia ndani kupitia wavu wa dirisha uliochanika. Nimefuta meza mara mbili na bado naandika juu ya mizoga yao. Kanisani sijaenda. Nimemwambia Mama kichwa kinaniuma, na leo si uongo.

Jana nilikwenda Serengeti.

Nilidhani leo ningeandika habari za simba. Nilishaandaa hata kichwa cha habari, kitu cha kuringia, maana wasomaji wangu wachache wa mtandaoni mnanijua, mwalimu wa darasa la tatu ninayependa sifa kama mkuu wa wilaya. Badala yake nimekaa hapa tangu kunakucha natafuta pa kuanzia. Naona siwezi kuanzia getini. Lazima nianze na mdogo wangu.

Odhiambo alikuwa mvuvi wa dagaa. Miaka kadhaa iliyopita mtumbwi wao ulipinduka kwenye dhoruba, wenzake wakaokolewa na mtumbwi mwingine, yeye hakuonekana. Tulizunguka visiwani, tukatangaza redioni, tukakaa ufukweni hadi watu wakaanza kutuonea aibu. Hata mwili hatukuupata.

Sisi ni Wajaluo wa Mara. Kwetu mtu akipotelea majini na mwili wake usipatikane, haachwi hivi hivi. Huchukuliwa yago, tunda la ule mti ambao watu wa utalii wanauita mti wa soseji, lile tunda refu, zito, linaloning'inia kwenye kikonyo kirefu kama kamba. Linafungwa shuka jeupe, linalazwa ndani ya nyumba, linaliliwa kama anavyoliliwa mtu, kisha linazikwa kwenye kaburi la kweli kwa jina lake. Baada ya hapo amekufa. Wajane wanajua ni wajane na watoto wanajua pa kupalilia.

Mama alikataa.

Baba mkubwa amepiga simu kutoka kijijini hadi amechoka. Anasema ukoo hauwezi kukaa na mtu asiye na kaburi, eti huyo mtu atazunguka tu akitafuta mlango. Jibu la Mama halijawahi kubadilika. "Yago ya kwenda kuokota ni ya kumuua mwanangu. Kama amekufa kweli, atakuja mwenyewe."

Nani angemjibu? Mimi mwenyewe nilimwacha na imani yake. Tangu nilipomleta tuishi wote hapa Kirumba, kila jioni anapakua sahani tatu. Yake, yangu, na ya Odhiambo, ambayo anaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka kabatini. Asubuhi chakula kile wanakula kuku wa jirani. Kuku wale wamenona kupita kiasi, na jirani anadhani ni baraka.

Jambo jingine. Tunakaa karibu na soko la samaki la Mwaloni, harufu ya dagaa inaingia hadi kwenye mito ya kulalia, lakini tangu siku ile samaki hajapikwa kwenye nyumba hii. Kama Odhiambo yu hai, mbona tusile samaki? Sijawahi kumuuliza Mama swali hilo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tulikuwa tumeficha kilio chenyewe.

Basi, safari. Walimu wa shule yetu tulichanga mwaka mzima, tukakodi gari la watalii, lile la paa linalofunguliwa, tukaondoka giza giza kupitia Magu na Lamadi. Mama aliamka kunisindikiza. Alinifunga kilemba vizuri kama vile nakwenda kuolewa, halafu akaniambia kitu kimoja tu. "Huko porini usimwite mtu kwa jina."

Nilicheka. Kila bibi wa kwetu anasema hivyo, porini kuna masikio, ukiita jina atakayeitika siye uliyemwita. Nilimwambia nitawaita wote "mwalimu", na wote ni walimu, hakuna atakayelalamika.

Getini askari alitusomea masharti. Msishuke kwenye gari, msilishe wanyama, msitoke na kitu chochote, hata jani. Dereva wetu, Shija, kijana wa Kisukuma mwenye maneno mengi, akaongeza sharti lake kwamba mwalimu atakayepiga kelele akiona simba atapewa adhabu ya kupiga magoti. Asubuhi ilikuwa nzuri sana, naomba niseme hivyo kabla sijasahau. Nyumbu walikuwa wengi mpaka nikawachoka. Twiga mmoja alivuka barabara taratibu, bila haraka, tukamsubiri wote kama anavuka mkubwa. Mwalimu Neema, rafiki yangu, alipiga picha za punda milia hadi simu ikajaa.

Nilikuwa na furaha. Kwa saa kadhaa sikumfikiria Odhiambo kabisa, na naandika hivyo kwa sababu baadaye nilijiuliza kama hilo ndilo lililomuudhi.

Karibu adhuhuri tulifika mtoni. Maji yalikuwa machache, ya rangi ya chai ya maziwa, na viboko wamejazana humo wakipumua. Shija aliegesha gari chini ya mti mkubwa wenye kivuli, akazima injini. Akasema kwa sauti ya chini, "Chui analala kwenye mti huu mchana. Tafuteni mkia, msimtafute chui."

Wote wakasimama, vichwa nje ya paa. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma kabisa, pembeni. Neema ni mfupi na upande wake kulikuwa na tawi linalomziba, akaniomba nisogee naye mbele tuangalie pamoja. Nikainuka, nikaenda kusimama naye.

Nikatazama juu.

Zilikuwa yago. Nyingi, zimening'inia juu ya vichwa vyetu, nyingine ndefu kama mkono wa mtu mzima kutoka begani. Sijui kwa nini sikuutambua ule mti tangu mbali, mimi niliyekua nikiambiwa nisicheze chini yake. Hazikutikisika hata kidogo. Wenzangu walikuwa wanatafuta mkia na kuminyana kimya kimya, na mimi nilizitazama moja moja, na mdomo wangu ukatamka jina lake.

Si moyoni. Kwa mdomo. Kwa sauti ndogo, lakini Neema alisikia, akaniuliza, "Odhiambo ndiyo nani?"

Kabla sijajibu, kitu kilianguka nyuma yetu. Kishindo chake kililitikisa gari zima. Mtu alipiga yowe, nadhani ni Mwalimu Mkuu, ingawa amekana. Tulipogeuka, yago moja ilikuwa imepita kwenye paa lililo wazi na imelala juu ya kiti changu. Imelala vizuri, kwa urefu wake, upande mmoja umeegemea mkoba wangu.

Shija alisema ni nyani. Hatukuona nyani. Halafu akasema zikikomaa huanguka zenyewe, na kwamba nimshukuru Mungu, maana lile tunda lingenivunja shingo. Wote wakanipa pole, wakacheka ule mcheko wa watu walioponea chupuchupu, kisha simu zikatoka. Neema alilibeba kifuani kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akaanza kulibembeleza ili apigwe picha.

Nilimfokea. Sijawahi kumfokea Neema. Nilimwambia amweke chini, amweke chini sasa hivi, na gari lote likanigeukia.

Shija hakuuliza. Alilichukua, akafungua mlango kidogo, na kwa kuwa haruhusiwi kushuka alilisukuma kwa mguu. Nikalisikia likibingirika kwenye majani makavu, likagota kwenye shina. Nilitaka kusema asitumie mguu. Sikusema. Ukweli ni kwamba nilikuwa nataka gari liondoke.

Kiti changu kilikuwa kimelowa. Si kidogo. Shija alisema ni maji ya tunda, limepasuka kwa chini. Nilipanguza kwa khanga, nikainusa ile khanga kama mjinga. Ilinuka ziwa. Najua harufu ya ziwa, nimelala nayo maisha yangu yote, na najua pia kwamba mtu mwenye hofu ananusa anachokiogopa. Nimeandika yote mawili, wewe unayesoma chagua.

Gari lilipoanza kusogea niligeuka nyuma. Chui alikuwepo muda wote. Alikuwa kwenye tawi la chini, mkia umening'inia katikati ya matunda kana kwamba ni mojawapo, na hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anatazama chini, kwenye shina, pale lilipogota. Sikuwaambia wenzangu. Walilipa hela zao kumwona chui na mimi nikawanyima.

Njia nzima ya kurudi nilipanga la kumwambia Mama. Ningemweleza habari za nyumbu na za twiga. Nilishaamua sitataja ule mti. Maana yeye alisema atakuja mwenyewe, na kama ningemweleza, ningekuwa nimempelekea msiba kwa mkono wangu, kwenye mkoba mmoja na biskuti zilizobaki. Bora aendelee kupakua. Sahani moja ya ugali kwa siku si bei kubwa ya kumlipia mzazi awe na matumaini.

Nilifika nyumbani jua linazama. Uwanja ulikuwa umefagiliwa hadi nje ya geti, kama unavyofagiliwa watu wakitarajiwa. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema shikamoo Mama. Hakuitikia marahaba. Alitazama mikono yangu, akatazama nyuma yangu barabarani, kisha akaniuliza.

"Umemwacha wapi?"

Nilikuwa bado sijautua mkoba.

Nilidai nimechoka, nikaingia ndani, na nikaona meza. Zilikuwepo sahani mbili. Ya tatu ilikuwa imeoshwa, imeinamishwa kwenye kichanja cha vyombo, bado inadondosha maji. Tulikula. Alipomaliza akasema tu kwamba mchana, alipokuwa anachambua mchele, alisikia mlango wa nyuma ukisukumwa mara moja, akaenda kuufungua, hakukuwa na mtu. Ila kizingiti kilikuwa kimelowa.

Nikamweleza. Mti, kiti, mguu wa Shija, yote. Alinisikiliza mikono imepakatwa. Nilipofika kwenye mguu alifumba macho. Alipofumbua hakuwa analia, alikuwa mtu aliyeshusha mzigo na bado hajaamini kwamba haupo begani.

Jambo moja sikumwambia. Sikumwambia kwamba nilimwita.

Hilo ndilo linaloniumiza kichwa leo. Mama alisema kama amekufa atakuja mwenyewe, na yeye sasa anaamini amekuja mwenyewe. Lakini je, alikuja, au niliita? Nikimwambia ukweli, ninavyomjua Mama, atainuka aende kwenye kichanja achukue ile sahani. Ataipakua leo, na kesho, na siku atakayokufa yeye itakuwa bado imefunikwa mle kabatini. Nikinyamaza, nimemzika mdogo wangu kwa neno nililolimeza. Nani alinipa mimi kazi hiyo?

Alfajiri nilimwandikia Shija. Amejibu kwa upole kuliko nilivyotarajia. Tunda halitoki, sheria ni sheria, na huenda tembo wameshalila. Ila anaweza kutupeleka leo hii hadi chini ya ule mti na kuzima gari kwa muda tutakaotaka. Nilimsomea Mama. Alifikiri kidogo, akasema, "Kama hawataki atoke, nitamlilia hapo hapo. Yago ya kuzika baba yako mkubwa atatafuta. Nilichotaka ni kumwona amefika."

Sasa hivi yuko sebuleni, amevaa gauni lake la kanisani na viatu vya kufunga, shuka jeupe amelikunja kwenye mkoba. Ananong'ona kitu. Mwanzoni nilidhani anasali. Nimetega sikio, ni jina lake. Anamtajia njia, Lamadi, geti, mto, kana kwamba anamwelekeza mgeni mahali pa kutusubiri.

Sitamwambia. Nimelifikiria tangu jana na hapa ndipo nilipofika. Kwa miaka yote hii nimemwita Odhiambo mara nyingi, ufukweni, visiwani, kwenye simu yake iliyozimwa. Hakuwahi kuitika. Jana nilimwita mara moja, taratibu, na akaitika kwa njia ile. Mdogo wangu alikuwa na mdomo mpana na kelele nyingi. Angekuwa hai, angeitika kwa sauti.

Gari la Shija limepiga honi nje. Naenda kuvaa viatu.