Mume Ataka Kuninunulia Bastola, Ninayemwogopa Ndiye Atakayenifundisha

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, na kama inawezekana iwe haraka, kwa maana barua hii nimeiandika na kuichana tena na tena, mimi ni mtu wa haya tangu utoto, hata shuleni mwalimu akiniuliza kwa Kiingereza jibu nalijua lakini linakaa mdomoni mpaka anamwuliza mwingine. Nina miaka kumi na tisa, nimeolewa mwaka huu baada ya kuvuna mpunga, tunakaa upande wa Maneromango, na mume wangu, nitamwita Salehe maana majina yote humu nimeyageuza, ni utingo wa lori la kokoto katika barabara ya Morogoro, analala kambini Kibaha na huja nyumbani Ijumaa, na Ijumaa nyingine haji kwa sababu njia yetu mvua ikinyesha hata baiskeli hubebwa begani.

Mume wangu anataka kuninunulia bastola ya kujilinda. Amepata kitabu cha picha za bunduki kutoka duka la Mhindi mjini, kimeandikwa Kiingereza chote, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma amenipa nimtafsirie, akisema, "Mke wangu, tafuta ile ndogo, ya mkono wa mwanamke, na iwe rahisi, hizi nyingine bei zake ni za Wazungu wa mkonge." Nikamwambia watu wa hapa wana magobori ya kufukuzia nguruwe na Boma huwapa cheti, akacheka, "Gobori! Mpaka umalize kushindilia baruti, mwizi ameshakula na wali wako."

Mshauri, hakuna mwizi. Anayenijia ni kaka wa mume wangu.

Huyu kaka, nimwite Isihaka, ndiye aliyemlea mume wangu baba yao alipokufa, ndiye aliyetoa mahari yangu, alikuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, akapigana mpaka Burma na watu wote wanamheshimu. Nilipoolewa nilifundwa kwamba shemeji ni mtani wako, akikuita mke wangu nawe mwite mume wangu, asiyetaniana na shemeji ana kiburi, na watu walikuwa wanangoja tu kukiona kiburi changu cha shule, basi nikajikaza, mimi niliyezoea kutazama chini. Akipita uani wanawake wakitwanga ananiita, "Mke wangu, leo umenipikia nini?" nami namjibu, "Mawe, mume wangu, rudi jioni yatakuwa yameiva," wanawake wakashika mbavu, mama mkwe akasema, "Kumbe mwali wetu ana ulimi!" Nilifurahi siku ile, nasema kweli, nilifurahi.

Halafu akaanza kuja wakati watu wote wako bondeni. Anaingia bila hodi, anakaa kwenye kiti cha mume wangu, anarudisha mlango, anasema, "Leo hatutanii." Mara ya kwanza nikatoka mbio nikajifanya nafukuza kuku. Safari nyingine akaweka mguu mlangoni nisipite, nikaanza kupiga kelele, akaniambia polepole, "Piga. Kijiji kizima kimekusikia ukiniita mume wangu. Leo utawaambia nini?" Nikanyamaza, Mshauri, kwa kuwa ni kweli wamenisikia. Nikapenya chini ya mkono wake. Tangu hapo naegemeza mchi nyuma ya mlango mchana kutwa, naye akija anausukuma taratibu kama mtu anayepima, anacheka, anakwenda zake.

Mume wangu aliuona ule mchi akaniuliza, nikasema kuna mtu anasukuma mlango, akasema nani, nikasema simjui, labda mwizi. Bastola imeanzia hapo.

Na sasa yamezidi. Isihaka aliposikia akamwambia mdogo wake, wakila, mimi nimesimama hapo, "Kitabu cha nini hicho? Boma halimpi mtu kama wewe cheti cha bastola. Mimi namjua mtu Pugu, askari mwenzangu, anayo, atatuachia kwa bei ya mbuzi na hataki kuona cheti. Na shemeji nitamfundisha mwenyewe kulenga, mchana mchana, wewe ukiwa kazini." Mume wangu akamshika mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga, "Kaka, bila wewe ningekuwa nani?" Mimi ndiye niliyekuwa na birika nawanawisha. Maji yakamwagikia mkeka, Isihaka akasema, "Mwone, hata maji hajui kuyalenga. Kweli huyu anahitaji mwalimu." Wakacheka wote wawili.

Ijumaa wanakwenda Pugu. Nikisema, mume wangu atampoteza kaka aliyekuwa baba yake, au atanipoteza mimi, au atamwua anyongwe. Nisiposema, nitafungiwa ndani na bastola na huyo mwalimu wake. Kuna saa nafikiri afadhali ije nijimalize, watu waseme mwali aliichezea. Niambie nichague ipi, au niseme gobori, au nifanye nini.

Ni mimi Mwenye Haya, Maneromango.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Bastola sikuchagulii, wala gobori. Aliyeumwa na nyoka mguuni akiniuliza dawa ya jino, simjibu la jino. Nakuhurumia, na sana, ila huruma yangu itakuwa fupi kwa sababu Ijumaa haitungoji.

Hiyo bastola ya Pugu haina cheti. Ikikamatwa, anayefungwa ni mwenye nyumba. Mumeo akiwa jela, unadhani nani atakabidhiwa kukutunza? Na nani anajua ilikotoka, ili aende kumnong'oneza jumbe? Msomi mzima, hilo hukuliona? Halafu umeandika neno la kujimaliza. Sitalipita kama sikuliona. Kwa neno hilo peke yake silaha yoyote isilale chini ya paa lako, iwe ya Pugu, ya Mhindi au ya nguruwe. Neno hilo mwambie mtu leo, kwa mdomo, akutazame usoni.

Sasa kosa lako. Hukukosa kumwita shemeji mume wangu. Bibi zako walisema hivyo hivyo wakazeeka na heshima zao. Utani una uwanja wake: ni uani, watu wanasikia, na aliyechoka anaondoka. Mtu akirudisha mlango akasema leo hatutanii, ameutoka utani kwa kinywa chake mwenyewe. Wale wanawake waliocheka wanalijua hilo kuliko wewe. Ni mashahidi wako, nawe umewafanya mahakimu. Ulikosa ulipomtungia mumeo mwizi. Kijana wa watu anahangaika kutafuta risasi ya kumpiga mtu asiyekuwepo, na aliyepo anakula naye sahani moja! Kwa hilo nakukaripia, na sitarudia.

Unaogopa mumeo atamwua kaka yake. Hofu hiyo si ya kitoto, ndiyo maana usimwambie wewe, mkiwa wawili chumbani. Aliyekufunda, somo wako, kazi yake haikuisha siku ya ngoma. Yeye ndiye mdomo wako. Aende kwa mama mkwe, naye usimdhanie vibaya kabla hajasikia, kwa maana mwanamke mwenye wana wawili hataki kumzika mmoja na kumwona mwingine kwenye kamba. Wao na mjomba wa mumeo wamfuate Salehe huko huko Kibaha, wamweleze hapo, kabla hajashika njia ya nyumbani. Wasimwache alale peke yake siku hiyo. Isihaka wazee watamwita baadaye. Wakiziba masikio, jumbe yupo na kadhi yupo. Mahari alimtolea mdogo wake, hakujinunulia mlango.

Mwisho mtamu sikuahidi. Pengine mama mkwe ataanza kwa kukutukana. Pengine mumeo atakugeuzia mgongo siku nyingi. Pengine ndugu hawa hawatakula tena pamoja, na watu watasema umewatenganisha wewe. Wataisema sana. Nataka uwe hai uisikie.

Ondoka leo. Mpunga uache, kuku waache, chukua nguo zako uende kwa somo wako, na katika nyumba ile usirudi peke yako hata kufuata sufuria. Ukifika usianze kuzunguka na habari za mvua na za shamba. Nazijua haya zako, kwa hiyo nakupa maneno: "Shemeji anaingia ndani nikiwa peke yangu, anarudisha mlango, nami nimemkataza." Taja jina lake la kweli. Sema hivyo tu, halafu ulie ukitaka.