Mvunguni, Ukutani, Nyuma ya Mlango

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kifua kimetulia. Huku tunaendelea, ingawa siku hizi hata kuendelea ni kazi.

Leo ni wiki ya sita tangu tumzike dada. Sikuandikii kukuuliza kwa nini hukuja. Swali hilo lipo na litakaa. Nakuandikia kwa sababu wewe ni fundi seremala.

Watoto wake watatu wako kwangu sasa. Baba yao yuko barabarani na lori. Akirudi mwisho wa mwezi analala sebuleni siku mbili, kisha anaondoka macho mekundu. Ni mtu mwema, Baba, utake usitake. Lakini hawezi kulea watoto ndani ya lori.

Nimewapa chumba changu. Ni hatua nne kwa tatu, dirisha moja, vitanda viwili. Mkubwa ana miaka kumi na miwili, tunamwita Mwalimu kwa sababu anasahihisha watu wakiongea. Wa pili ana minane, yeye ni Injini, ukimsikia akiamka utajua kwa nini. Mdogo ni Kitinda, ana minne, bado ananiuliza mama anarudi saa ngapi.

Nguo ziko sakafuni. Jana nimekuta daftari la hesabu ndani ya sufuria na kiatu kimoja juu ya dirisha. Mimi kutwa nzima nakunja mashuka ya hospitali, kukunja najua. Pa kuweka ndipo hapapo. Seremala wa huku anataka kunitengenezea kabati ambalo litaziba dirisha.

Nifanyeje?

Binti yako

*

13 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimeipata barua. Mimi nipo, kifua kinakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Pole na kazi, na pole kwa yote.

Usikubali kabati. Ndani ya chumba hicho litakuwa mtoto wa nne, tena mnene. Sakafu yako imekwisha, lakini zimebaki sehemu tatu ambazo watu huzisahau: mvunguni, ukutani na nyuma ya mlango.

Anza na vitanda. Viinue. Kila mguu uweke juu ya kipande cha mbao ngumu chenye unene wa tofali, ukichimbe kidogo katikati ili mguu usiteleze. Mvungu ukishapata nafasi, tafuta makreti ya mbao ya matunda. Yapige msasa mpaka ukipitisha soksi juu yake isinase. Chini funga magurudumu manne, mbele toboa matundu mawili upitishe kamba. Hapo una droo. Mtoto anaivuta kwa mkono na kuirudisha kwa mguu. Kila mtoto apate ya kwake, wasichangie, kwa sababu cha wote hakuna anayekipanga.

Nyuma ya mlango tundika shuka kuukuu ulilolishonea mifuko. Viatu mifuko ya chini, madaftari katikati, vitana na mafuta juu ambako mdogo hafiki.

Ukutani ni kulabu, na hapo ndipo watu wengi wanakosea. Wanatundika kwa kimo chao wenyewe, halafu wanagomba kwamba watoto wanatupa nguo chini. Kulabu ya mtoto inakaa usawa wa macho yake. Nitakutengenezea ubao wenye kulabu za ngazi tatu.

Nilikaa nikuandikie na vipimo. Nimeshika penseli muda mrefu. Mwanangu, sijui kimo chao. Nitumie.

Baba yako

*

1 Machi

Baba,

Shikamoo. Kifua kinasemaje? Huku hatujambo, Kitinda alikuwa na mafua, yameisha.

Mwalimu ni sentimita 141. Injini ni 122, alisimama kwa vidole ikabidi tupime mara mbili. Kitinda ni 99 na ameomba nikuandikie kwamba ni 100.

Vitanda tumeviinua. Baba yao alipokuja aliyapiga msasa makreti yote, akauliza nani amenielekeza. Nilipomwambia, aliendelea kupiga msasa. Shuka la mifuko limemaliza vita ya viatu. Kitinda hajui kusoma, kwa hiyo dada yake Mwalimu amemchorea picha mbele ya kreti lake: gauni, soksi, mwanasesere. Injini amegeuza lake lori. Kila asubuhi nguo zake zinasafiri hadi jikoni na kurudi, zikipiga honi.

Lakini kreti la Mwalimu ni tupu. Alikuja na begi la kijani, na nguo zake bado zimo humo. Anatoa ya kuvaa, anaifua, anaikunja, anairudisha, anafunga zipu. Begi linakaa upande wa miguu ya kitanda. Nilimwambia, “Mwanangu, hapa ni kwako.” Akasema, “Asante, Mama Mdogo. Liko sawa hapo.” Nadhani anamngoja mama yake.

Juzi ameniuliza, “Babu anatuchorea mbao tu? Yeye haji?”

Nami nakuuliza hilo hilo.

Binti yako

*

22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Sikuwa mgonjwa kuliko siku nyingine. Kalamu ilinishinda.

Wewe ulikuwa mdogo, hukuyaona yote. Dada yako alikuwa na mkono wa useremala. Akiwa na miaka kumi na tano alipiga randa ubao mpaka ungeweza kujiona ndani yake. Wateja walikuwa wananipita mimi wakamwulize yeye. Nikajiambia karakana hii ina mwenyewe. Siku alipomleta yule dereva niliona naibiwa. Nikamwambia akitoka naye asirudi. Alisimama mlangoni muda mrefu, nadhani alinipa nafasi nilifute lile neno. Sikulifuta.

Kila alipojifungua aliniletea habari kwa mtu. Huyo wa kwanza nilimtengenezea kitanda cha kichanga, chenye pembe za mviringo asijiumize. Sikukipeleka. Kiko hapa karakana, nimekijazia patasi na misumari. Miaka kumi na miwili naingiza mkono humo kutafuta msumari.

Kwenye maziko sikuja kwa sababu nisingejua nisimame wapi kati ya watu.

Ubao wa kulabu umekamilika, nimetumia vipimo vyako. Mdogo nimempa 100. Nitapanda basi Jumamosi ya tarehe 12 Aprili, jioni nitakuwa kwenu. Waambie.

Baba yako

*

14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijui kama u mzima. Kama umeumwa, nisamehe kwa haya ninayoandika.

Niliwaambia, kama ulivyosema. Injini aliogeshwa mara mbili. Tulifika kituoni saa tisa alasiri. Basi lako liliingia saa kumi, abiria wakashuka wote, mpaka dereva akashuka. Kitinda alikuwa anawasalimia wazee mmoja mmoja, “Shikamoo Babu, shikamoo Babu,” nao wanamwitikia na kupita. Tulingoja la pili. Mwalimu ndiye aliyesema turudi.

Tulipofika nyumbani nilikwenda kuwasha jiko. Niliporudi chumbani nilimkuta Mwalimu amevuta kreti la Kitinda na anahamishia nguo za mdogo wake kwenye begi lake la kijani. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema, “Nazipanga.”

Baba, nimebeba ya dada, nimebeba ya watoto. Yako siyawezi.

Binti yako

*

25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, na basi halikuharibika. Ningekuandikia hivyo ungeamini, ndiyo maana siandiki.

Nilipanda. Niliketi kiti cha nne, ubao magotini. Watu wakawa wanaingia na mizigo yao, nami nikawa natafuta neno nitakalosema mlangoni. Nikamwona yule mkubwa ananiuliza, “Ulikuwa wapi?” Nikatafuta jibu. Injini ya basi ikawashwa. Nikashuka. Saa tatu asubuhi nilikuwa karakana.

Hayo ya kituoni, ya mdogo kuwasalimia wazee wa watu, nimeyasoma nimesimama. Sijui nitayaweka wapi.

Mwambie mkubwa kwamba sina jibu. Kama anataka kunichukia ana haki, lakini asiwatoe wenzake kwenye makreti yao.

Baba yako

*

6 Mei

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo.

Barua yako sikumsimulia Mwalimu, nilimpa aisome mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akachukua kalamu akasahihisha neno moja ulilokosea. Kisha akasema, “Mwandikie si lazima aje na la kusema. Mlango wa chumba unalia bawaba. Aje na mafuta.”

Nguo za Kitinda amezirudisha. Begi lake bado.

Tutakuwa kituoni kila Jumamosi ya mwezi huu. Mimi sikutaka. Wao ndio wamepanga.

Binti yako

*

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba ya mbali. Nimefika salama. Kifua kilinisumbua njiani, sasa kimetulia. Asante kwa siku tisa nilizokaa kwenu. Asante kwa kunipokea kama mtu aliyechelewa basi tu.

Kuna mambo yalitokea ukiwa kazini. Nataka uyajue.

Siku ya tatu nilikuwa nafunga ule ubao ukutani. Wadogo walikuwa nje. Mwalimu alinishikia upande mmoja, nami nikaona jinsi anavyoshika, kidole gumba chini, macho kwenye mstari. Hakuna aliyemfundisha. Nikamwuliza kama mama yake alikuwa anatengeneza vitu nyumbani. Akasema alitengeneza kigoda na rafu ya vyombo, na akikosea alikuwa anasema, “Babu yenu angenicheka.” Nilikuwa na skrubu mdomoni, ikanisaidia kutojibu.

Tulipomaliza nikaliona lile begi. Nikamwuliza taratibu, kama ulivyonieleza, “Unamngoja mama?”

Akanitazama kama vile mimi ni mtoto wa darasa la kwanza aliyekosea jibu. “Mama amekufa, Babu. Nilikuwepo.”

Nikauliza, begi ni la nini basi?

Akasema, “La kuja kwako. Mama alisema likae tayari, siku Babu akituita tusimcheleweshe. Lilikuwepo tangu sijaanza shule. Nikikua anatoa zinazobana, anaweka nyingine.”

Nikaketi juu ya kreti la Injini, nikasahau lina magurudumu. Likanikimbia, nikaanguka chini kama gunia. Ndiyo maana jioni uliniona nachechemea nikakwambia ni uzee. Yeye alicheka. Ndiyo mara ya kwanza namsikia akicheka, na ni kicheko cha mama yake kabisa, kinaanza puani. Nikaketi hapo sakafuni nikamtazama akicheka, kisha akaacha, kwa sababu mimi nilikuwa nalia.

Akangoja nimalize. Akauliza, “Sasa umekuja wewe. Nizitoe?”

Akafungua zipu mwenyewe, akazipanga kwenye kreti moja moja. Chini kabisa kulikuwa na gauni la mtoto wa miaka mitano hivi, ambalo mama yake alilisahau. Akalikunja, akampelekea Kitinda. Uliporudi ulidhani nimembembeleza. Sikumbembeleza.

Jambo la pili. Siku naondoka nilikwambia basi ni la saa mbili asubuhi. Lilikuwa la saa sita mchana. Nilitaka kwenda peke yangu.

Nilimkuta mtu anafagia njia za makaburi. Akaniuliza namtafuta nani, nikamtajia jina. Akasema, “Ah, yule wa watoto watatu. Wewe ni nani wake, mzee?” Nikasema mimi ni baba yake. Akaacha kufagia. “Tulisikia hana baba,” akasema. Hakusema kwa ubaya. Akanionyesha sehemu, akarudi kwenye ufagio wake.

Umemwekea dada yako ubao mzuri kaburini, na herufi ni safi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu siku ya kwanza kwenu, nikiwa nafunga kulabu, nikiwa natia mafuta bawaba. Nilitaka kumwambia watoto wana pa kuweka nguo. Nilitaka kumwambia yule dereva alinipokea mzigo kituoni na kuniita Baba, nami nikaitika. Nilitaka kulifuta lile neno. Nilipofika hakuna hata moja lililokuja. Nikajikuta napiga hodi. Nilipiga hodi mara tatu, kama mtu aliyefika kwa binti yake, halafu nikasimama pale nikingoja, mpaka yule mtu akaweka ufagio chini, akaja kunishika mkono, akaniambia basi langu litaniacha.

Baba