Kioo cha Nyuma Kisiguswe

Yogeshni mjukuu wangu,

Nimekwenda hekaluni kupeleka taa. Barfi, vile vitamu vya maziwa vya kwenye sinia, ni za wageni wa Diwali. Mwambie baba yako mkono wake naujua. Umeme ukikatika saa kumi kwa zamu yetu ya mgao, washa pampu ya betri, samaki wako asikose hewa.

~~Kesho arudishwe dukani.~~ Basi, abaki.

Asubuhi nilisugua kioo cha tangi kwa sababu kilikuwa kijani kama mtaro, na nyumba ya Diwali haiwi hivyo. Ukalia, "Bibi, umefuta chakula chake!" Nikakujibu, samaki gani anakula uchafu? Ukaenda shule umenuna. Ulipotoka tu, kisamaki kikaja kukibusu kile kioo kisafi, huku na huku, kisipate kitu. Kisha kikatulia, kikanitazama. Na nyumbani kwangu hajawahi kutoka mtu na njaa!

Bahati nzuri kioo cha nyuma sikukifikia. Kisiguswe. Nimemchemshia na jani la spinachi.

Shangazi yako wa Chatsworth akiuliza mbona kule nyuma kuchafu, mwambie huo si uchafu. Ni sahani ya mtu, na bado anakula.

Bibi yako mkaidi