Flashi ya Mfukoni

Wee, usicheke kwanza.

Ile kompyuta ya shangazi kwenye duka lake la kushona, niliyoiwekea mfumo wa Linux? Kila nikiondoka inagoma kuwaka, na vipimo vya wateja wote vimo humo. Nikirudi, nachomeka flashi yangu niikague, inawaka vizuri tu. Mara tatu!

TATU! Na mimi, uso mkavu: "Shangazi, umeme wa hapa ndio mbovu."

Leo kasimamisha cherehani, kavua miwani. "Mwanangu, mbona inawaka ukichomeka hicho kidude tu?"

Ndipo nikakumbuka. Siku ile naweka Linux, nikigawa diski, sehemu ya kuwashia kompyuta niliiweka kwenye flashi. Flashi ninayotembea nayo mfukoni!

Fundi mzima mimi!

Nikaanza kujieleza, akanyoosha mkono: "Kidude kiache hapa. Wewe unaweza kwenda."