Samadi Niliyofukia Chini ya Makadamia Yako

Mdogo wangu,

Nimehama kiti mara tatu tangu nianze kuandika. Suruali ya mteja nimeiacha nusu kwenye cherehani, mlango wa duka hapa mjini Kitaji nimeufunga mchana kweupe, na majirani watakuwa wanasema dada huyu amechanganyikiwa. Waache waseme. Namba yako haipatikani tangu ulipoondoka, kwa hiyo barua hii naiacha isomwe na yeyote, ilimradi mmoja wao awe anakujua.

Unakumbuka siku niliyokuja kukupokea Bunda? Ulishuka kwenye basi umekumbatia boksi la miche kumi na miwili kama mama anayetoka kliniki, ukamkatalia kondakta kuligusa. Ulikuwa umefanya kazi miaka minne kwenye mashamba ya makadamia, miti ya karanga zenye ganda gumu, kule Njombe. Nikakuuliza kama miti ya watu wanaovaa makoti mwaka mzima itakubali kwetu. Ukasema Butiama haina baridi ile, lakini kilimani nyuma ya nyumba asubuhi kuna ubaridi wa kutosha na udongo hautuamishi maji, itakubali tukiikinga na upepo. Uliongea mpaka soda yako ikaisha gesi.

Baba alikupa kipande cha malisho ya ndama kwa shingo upande. Ulipanda, ukatandaza nyasi kavu kuzunguka kila mche, halafu ukatukusanya kutuonya: samadi hapana. Ulisema mti huu umezoea kujitafutia kwenye udongo maskini, ukiulundikia samadi mizizi inaungua. Baba alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kwenye mji huu kila kitu kinakulaga kwa ng'ombe," alisema. "Huo mti wako ni nani?"

Na mimi nilicheka. Tumekua tukiona samadi ikinenepesha mahindi na kufufua migomba iliyokata tamaa. Kwetu, ukimpenda mtu unamfungulia zizi aje achote. Kwa hiyo ulipokwenda tena Bunda, wiki nzima, kutafuta waya wa uzio, nilibeba samadi mbichi kwa beseni. Niliinua nyasi zako, nikafukia kwenye kila mche, nikazirudisha vizuri usijue. Nilitaka urudi uikute imenawiri, na Baba anyamaze. Mche wa kumi na mbili, ule wa karibu na mawe, sikuufikia. Mvua ilinikuta njiani nikamwaga beseni nikakimbia.

Majani yalianza kuwa ya njano, kisha ncha zikaungua. Ulikuwa ukizunguka kutoka mche hadi mche ukiyageuza, na mvua zilikuwa zimeshachanganya kila kitu na udongo. Baba akakwambia, wajomba wakisikia, kwamba umemnyang'anya ndama malisho ili upande kuni. Ulinigeukia mimi.

"Dada, labda nilileta miche mibovu."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya uji na jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikakuuliza kama nikuongezee sukari.

Kesho yake uliondoka. Nimekuwa mtu wa kusimama na kukaa tangu hapo, nashona upindo naufumua. Mwaka juzi mtu alisema amekuona sokoni Bunda, nikaenda siku tatu mfululizo, nikawa nachungulia migongo ya wanaume wa watu mpaka mama mmoja muuza nyanya akaniuliza kama ninamtafuta mume. Nilimwambia ninamtafuta mdogo wangu. Akaniuliza amepoteaje, nikanunua nyanya nisizozihitaji.

Sasa sikia. Mti wa karibu na mawe umezaa. Ulitoa maua marefu meupe yanayoning'inia, nyuki wakajaa, halafu zikaja karanga za kijani. Mikono iliniwasha kuzichuma, nikakumbuka ulisema zinaanguka zenyewe zikiwa tayari. Zimeanguka saba. Nilizimenya ganda la nje, nikazianika, na moja nikaipasua kwenye jiwe la kusagia la marehemu mama. Iliruka mara mbili kabla haijakubali. Baba nilimpa nusu, akatafuna polepole, akaomba na yangu.

"Kumbe kijana alikuwa anajua," alisema. "Sasa ile mingine iliuliwa na nini?"

"Niliiua mimi, Baba."

Nikamweleza yote, beseni kwa beseni. Afadhali angefoka. Alibaki anageuzageuza lile ganda mkononi.

"Miaka yote hii unaniletea chai, na hilo ulikuwaga nalo?" Akanirudishia ganda. "Mimi nilimfukuza mtoto kwa kosa lako. Usinililie mimi. Mwambie yeye."

Basi ninakwambia. Miche yako haikuwa mibovu. Ulijua kazi yako, na mimi nilijua kwamba ulijua, nikakuacha ubebe aibu yangu mpaka stendi. Sina cha kujitetea. Nilimwogopa Baba, na kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Nimechimba mashimo kumi na moja mapya, mbali na udongo ule nilioharibu. Sijaweka chochote ndani na sitaweka mpaka uniambie. Kila Jumamosi nikipanda kwenda Butiama namkuta Baba amehamishia kiti chake karibu na ule mti, ameshika fimbo, anafukuza ndama wasijikune. Haniulizi habari za mjini tena. Anauliza kama umejibu.

Karanga sita zilizobaki nimeziweka kwenye droo ya cherehani, sijazipasua. Nikikanyaga pedali zinabingirika humo ndani, nikiacha zinatulia. Njoo uzipasue wewe.

Dada yako,
niliyekuuliza habari za sukari